Nilikwenda Mpala Kuuliza Kuhe Wamekwenda Wapi

Niliondoka Kalemie kwa sababu ya aibu. Kwa miaka mingi watu wa pwani yetu waliniita Papa Kuhe, yaani baba wa kuhe, na mwaka huu nilikaa miezi mitatu bila kupandisha kuhe hata mumoja. Samaki mukubwa yule, ambaye tulikuwa tunamupikia mugeni wa heshima, amepotea mbele ya nyumba zetu. Wengine walisema ni ziwa lililopanda mpaka kumeza nyumba za chini. Wengine walilaumu taa za wavuvi wa ndakala, dagaa wetu wadogo, na bibi mumoja akasema kuna muntu ameyafunga maji kwa uchawi. Wavuvi wanane, watu wazima wenye familia, wakanituma Mpala kwa Papa Donati, kaka ya muke wangu, niangalie kama kuhe bado wako kule. Kama wako, wangehama na watoto wao. Kama hawako, kila muntu atafute kazi nyingine, na kazi nyingine sisi hatuijui.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda boti la mbao linalopeleka sabuni na mafuta Moba, likipitia Mpala. Muke wangu, Mama Odette, alinifungia bukari, ugali wetu, ya baridi na ndakala, akaniagiza nimusalimie kaka yake na nisibishane naye mambo ya siasa. Tulifuata pwani ya milima siku nzima. Kila ghuba yenye muchanga naijua; zamani kila moja ilikuwa na kuhe wake. Niliinama ubavuni mwa boti, nikaangalia chini mpaka shingo ikauma. Maji yalikuwa safi, unaona mawe mpaka chini, na juu ya mawe hakuna kitu. Kufika saa nane nilikuwa nimeacha kuangalia.

Jioni tulifika Mpala, kengele ya kanisa la misheni ya zamani ikilia. Papa Donati alinipokea muzigo, akawaita majirani waje kumuona shemeji aliyewafundisha kuvua kuhe. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Ni kweli, mwaka nilipokuja kutoa mahari nilimuonyesha ufundi wangu, ili ajue dada yake haolewi na mujinga.

Ufundi wenyewe ni huu. Kuhe na muke wake hulinda watoto wao pamoja, wiki nyingi, na muda huo hawali. Chambo chochote utawapa bure. Lakini shusha kipande cha bati kinachong'aa, chenye ndoano, juu ya watoto, baba atakirukia, si kwa njaa, ni kwa hasira. Ukishamupandisha baba, mama naye atauma vilevile. Niligundua hivyo nikiwa kijana, nikajiona nina akili kushinda ziwa lote, nikafundisha kila aliyeniuliza, na asiyeniuliza pia.

"Shemeji, akili yako njo imetulisha," Papa Donati aliniambia wakati wa kula. "Lakini sasa wamebaki wawili tu, baba na mama. Tulikatazana kuwagusa, tukakulindia wewe."

Kesho yake, saa tatu, alinipeleka kwa mutumbwi mpaka ghuba ndogo nyuma ya mawe meusi, kusini ya misheni. Nikawaona. Wote wawili wa njano, wenye madoa meusi ubavuni, na katikati yao watoto wengi wamejikusanya kama moshi wa jiko. Jamani, nilifurahi mpaka machozi. Nikashusha bati. Baba akauma papo hapo, nikamuvuta, Papa Donati akapiga makofi.

Siku zote, nikishatoa baba, mikono inakimbilia kutega mama, kisha tunarudi kuuza. Siku ile sikuwa na haraka, nikabaki naangalia chini. Samaki wadogo wakatoka kwenye mawe. Mama akawafukuza kulia, wengine wakaingia kushoto, wakala watoto. Akarudi kushoto, wakaingia kulia. Baba alikuwa bado anajipiga kwenye mbao za mutumbwi, na chini watoto walikuwa wamebaki nusu.

"Papa Donati, unaona?"

"Naona. Kila mara inakuwaga hivi," akajibu. "Wewe haukuwahi kuangalia?"

Sikuwahi. Miaka yote ile, sikuwahi. Aliponipa bati tena kwa ajili ya mama, nilikataa, naye akashangaa, akafikiri labda dada yake amenikataza kitu. Jioni walinipikia yule baba kwa mafuta ya mawese. Chakula ulichowekewa na shemeji haukikatai, basi nilikula.

Siku ya tatu nilirudi Kalemie. Wale wanane walikuwa wananingojea pwani, na sikuwaficha kitu. Niliwaambia ziwa halina kosa, taa hazina kosa, bibi aache kusingizia watu. Mukono uliomaliza kuhe ni wangu. Nilitaka wanitukane. Hawakunitukana. Nikadhani hawajaelewa, kwa hiyo nikawaeleza yote: misheni, mawe meusi, ghuba, mama mumoja anayezunguka peke yake na watoto waliobaki. Papa Feli, ambaye tumevua pamoja tangu ujana, aliniuliza kama ni mukubwa.

"Mukubwa," nikasema. "Njo maana tumuache."

Akaitika kwa kichwa. Wakaenda nyumbani polepole, nami nikashukuru Mungu kwamba wamenisikia.

Asubuhi yake Mama Odette alirudi kutoka kuteka maji, akatua ndoo. Alisema mutumbwi wa Papa Feli hauko, wala mingine miwili. Wameazima motere ya kufunga kwenye mutumbwi, wamekwenda Mpala. Nikauliza muke wa Papa Feli, aliyemukuta pale majini, amesema nini. Amesema watoto hawajakula tangu juzi.

Nilitumwa kutafuta kuhe, nikapata sababu, na nilipoileta nyumbani imekuwa njia ya kumufikia yule kuhe mama. Hata kuwalaumu siwezi. Watoto wale wangekuwa wangu, mimi ningetangulia.