Neno Alilopewa Ofisini

Mwaka ule nilifundisha Kiingereza wanawake wa Mangateen, kambi ya wakimbizi wa ndani mjini Juba, alasiri, ndani ya kanisa la mabati. Nililelewa Kenya nikarudi Juba mtu mzima, kwa hiyo tulisaidiana kwa Kiswahili changu na Kiarabu chao. Waliniita Miss. Siku moja wakauliza maana yake. Nikasema ni heshima kwa mwalimu wa kike; lakini pia ukiachwa na gari ume-miss, na ukimkumbuka mtu kwa hamu, una-miss huyo mtu. Hiyo ya mwisho waliipenda sana.

Mmoja wao, mama wa watoto watatu, mumewe alikuwa mpakizi. Alipanda tishari la mizigo bandarini Juba, kwenye mto Nile, kuelekea kaskazini, na tangu mvua zianze hakusikika. Mama huyu hakuchoka kwenda kwenye ofisi inayotafuta watu waliopotezana na jamaa zao.

Mara akaja darasani amejitanda tobe safi, ameleta karanga za kugawia wenzake. Alisema karani amemjibu kwa Kiingereza naye akaelewa mwenyewe, bila mkalimani: "Your husband is missing." Watoto alikwishawaambia kwamba baba yao anawakumbuka. Wanawake wakapiga vigelegele.

Nilimwita nje, kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Mama, ofisi ikisema hivyo, maana yake hajulikani alipo."

"Ulitufundisha ni kukumbuka."

"Ni neno lilelile. Lina maana nyingi."

"Na hii yake ni ipi?"

"Amepotea."

Akauliza kama Kiingereza kina neno jingine la mtu aliyekufa. Nikasema lipo. Mbona basi hawakulitumia? Nikamwambia hawana hakika. Akarudi ndani akagawa karanga, maana wenzake walikuwa wakingoja, akaketi hadi somo likaisha.

Hakurudi tena. Nilipomtembelea nilimkuta akianika bamia. Alinitengea chai, akazungumza Kiarabu tu. Watoto alikuwa bado hajawaambia ukweli. Alisema hajui aanzie wapi. Nilipomsihi twende wote bandarini tukaulize, kwa kuwa tishari jingine lilikuwa limefika, alikataa. Alisema wapakizi wote wanamjua kwa jinsi alivyowauliza kila tishari lilipofika, na siku hizi wakimwona anakuja wanajificha nyuma ya magunia.