Mashine Tuliyochaguliwa na Papa Nadine

Harufu ya plastiki inayopata joto bado inanikasirisha. Juzi mwanangu alinipeleka dukani nimsaidie kuchagua mashine ya michezo ya televisheni. Muuzaji akaiwasha moja, ikaanza kupata moto, nami nikatoka nje bila kuaga. Mwanangu alidhani ninaumwa.

Tulikaa mtaa wa Bel-Air. Wazazi wangu walitoka Kasai, mkoa mwingine wa Kongo, mimi nilizaliwa Lubumbashi na sikujua mji mwingine. Nilipofaulu mtihani wa kumaliza shule ya msingi, baba, fundi wa reli, alitimiza ahadi yake ya kuninunulia mashine ya michezo. Papa Nadine, jirani yetu na baba wa rafiki yangu Nadine, alitupeleka mjini kwa gari lake.

Dukani zilikuwepo mashine mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya kijivu, michezo imo ndani tayari. Nyingine ilikuwa nyeusi na pana, ya kutia kaseti. Nyumbani kwetu hapakuwa na mchezaji hodari. Mama aliogopa hata kugusa televisheni. Mimi niliitaka ile ndogo. Papa Nadine akazigeuzageuza zote mbili kama mtu anayechagua mbuzi.

“Papa, mukamate hii nyeusi,” akamwambia baba. “Iko na manette mbili, za kushika na mikono. Batoto batacheza pamoja, habatagombana.”

Baba akamshukuru sana.

Tuliicheza majuma machache tu. Kisha redioni na barabarani wakaanza kusema watu wa Kasai warudi kwao. Nilimuuliza mama, kwetu ni wapi? Asubuhi moja vijana wenye marungu waliingia uani, wakaturuhusu kubeba sufuria na godoro moja. Papa Nadine alisimama kwenye lango lake, mikono mfukoni, akitutazama tukipita.

Tulikaa kwenye stesheni, maelfu ya watu chini ya maturubai, tukingoja treni. Mdogo wangu Trezori akaanza kuhara. Mama alikuwa akimwosha nilipomwona Nadine akipita katikati ya watu, gauni lake safi, akiita jina langu. Nilimkimbilia. Nilifikiri amenikumbuka.

“Baba anasema unieleze,” akasema, “ile kamba ya mashine yenu inaingia fasi gani? Televizyo inaonyesha neige tu, madoa meupe.”

Nami nikamweleza. Nilichora kwa kijiti mavumbini: tundu hili, kitufe hiki, kaseti uipulize kwanza. Nilifurahi kuwa na kitu ninachokijua. Alirudia maneno yangu mpaka akayashika, akaondoka mbio. Mama alikuwa ameyasikia yote. Alikamua kitambaa cha Trezori kwa nguvu.

Trezori alifia njiani. Tulimzika kando ya reli, treni ikitupigia honi tuharakishe.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponiambia alichokuja kusikia kwa mwanamke mmoja tuliyesali naye kanisani Lubumbashi. Kabla ya siku ile ya dukani, Papa Nadine alikuwa ameshakaa kwenye mikutano ambamo nyumba zetu sisi watu wa Kasai ziligawanywa. Yetu alikwisha kuiomba.

Basi hakuwa akitushauri. Alikuwa akijinunulia mashine ya watoto wake kwa mkono wa baba yangu, na baba akasema asante. Na mimi, rafiki mwema, ndiye niliyewafundisha kuiwasha.