Shimo la Kinyozi Nyuma ya Bafu

Wapangaji walimwita Bi Chungulia, ingawa si mbele yake. Alifua mashuka ya hospitali tangu usichana wake hadi alipostaafu, na kazi hiyo ilimfundisha kutomwamini mtu upesi. Kila shuka, alisema, lina habari ambayo mwenyewe hakutaka itoke. Alipostaafu alihamishia jicho lake kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe: vyumba vinavyotazamana, ua mmoja, na nyuma ya bafu kibustani cha mboga.

Katika chumba cha pembeni alikaa kinyozi, mtu mpole, asiyechelewesha kodi wala kupandisha sauti. Upole huo wenyewe ulimtia Bi Chungulia shaka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Tena mke wa kinyozi na binti yao mdogo walikuwa hawaonekani tangu mvua zianze. Ukimwuliza, alijibu, "Wamekwenda kumuuguza bibi." Jibu lilelile kila mara, kama mtu aliyekariri.

Alasiri moja, wengine wakiwa makazini, Bi Chungulia alisikia jembe. Akasogeza pazia. Kinyozi alikuwa akichimba bustanini, shati limemganda mgongoni, na kando yake gunia lililofungwa mdomo. Alimimina kitu shimoni, lakini mgongo wake ulikinga kila kitu. Akafukia, akatandaza majani juu, akatazama huku na huku, kisha akalikunja gunia na kulibana kwapani.

Bi Chungulia alimpigia simu mdogo wake.

"Dada, nenda polisi," mdogo mtu alisema.

"Nikawaambie nini? Kwamba mtu amechimba?"

Siku zilizofuata kinyozi alirudi pale tena, sasa na ndoo iliyofunikwa. Harufu ya uchachu ikaanza kusambaa uani. Bi Chungulia aliacha kula vizuri. Alikumbuka kwamba gauni la yule mtoto halijaanikwa kwenye kamba siku nyingi, akajilaumu kwa kukumbuka kwa kuchelewa.

Asubuhi moja, kinyozi alipokwisha kwenda kazini, Bi Chungulia alichukua jembe. Udongo ulikuwa laini. Pigo la kwanza likatoa kitu cheupe, naye akarudi nyuma, mkono kifuani. Alipopata nguvu ya kuinama, aliona ni unga. Unga ulioganda mabonge, umejaa fukusi. Chini yake maharage, mchele uliogeuka manjano, tambi zilizovunjika, na pakiti ya unga wa uji wa watoto iliyochanwa.

"Unatafuta nini, mama?"

Kinyozi alikuwa amesimama nyuma yake. Alirudi kuchukua mashine ya kunyolea aliyoisahau.

"Namtafuta mkeo," alisema Bi Chungulia, kwa kuwa uongo haukumjia upesi.

Kinyozi alilitazama shimo. "Huko chini hayupo. Yuko kwa dada yake, na hana nia ya kurudi. Mtoto ameshaanza shule huko."

"Na bibi mgonjwa?"

"Bibi mzima kabisa. Nilikosa la kuwaambia watu."

Akaeleza, macho yakiwa chini. Kila mwisho wa mwezi aliendelea kununua vyakula vya watu watatu, kisha akala mgahawani. Kupunguza vipimo mbele ya muuza duka kulimshinda. Vikakaa hadi vikapitwa na tarehe, wadudu wakaingia.

"Si ungevitupa jalalani?"

"Jalalani kila mtu anapita, mama. Wangeuliza kwa nini nyumba yangu haili."

Bi Chungulia aliona haya, lakini hakujua kuomba radhi. "Mafuta umemwaga humu?"

"Kidogo."

"Yataleta panya. Na unga haurundikwi hivi, utaoza vibaya. Changanya na majani makavu."

Wakafanya kazi pamoja. Ilipofika zamu ya ule unga wa uji, kinyozi aliacha jembe, akakaa kwenye kizingiti cha bafu. Bi Chungulia alimalizia mwenyewe, bila kumtazama.

Wiki ile ile kinyozi aliaga kwamba anakwenda kumwona binti yake. Bi Chungulia alimsindikiza hadi getini. Alitaka kumuuliza mkewe aliondokea nini hasa, maana mke haachi nyumba kwa upepo tu, na mtu aliyedanganya moja anaweza kudanganya mawili. Swali lilimfika ulimini, akalimeza.

"Msalimie mtoto," alisema, akafunga geti.