Jina la Mzee Paschal kwenye Kazi ya Rahabu

Rahabu ni binti wa Kinyiramba kutoka Kiomboi, ana stashahada ya kompyuta, na anafanya kazi Singida mjini katika kampuni ndogo inayowatumia wakulima wa alizeti ujumbe wa simu: lori la kununua mbegu litafika kijiji gani, siku gani. Ni mchapakazi, haibi, hachelewi. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani namzungumzia mtu mbaya. Watu wazuri ndio wanaonisumbua, kwa sababu kosa lao huanza dogo na lenye adabu.

Aliyemfundisha kazi ni mzee Paschal, Mnyaturu wa Ihanja. Kwa kuwa kompyuta mpya ilikuwa haijanunuliwa, alimpa ya kwake ya zamani. Jina la mzee lilibaki ndani ya kompyuta hiyo, hivyo kila faili alilobadilisha Rahabu lilionyesha kuwa limebadilishwa na Paschal.

"Weka jina lako," mzee alimwambia, kwa utani wa makabila yao. "Nyie Wanyiramba nawajua, mnakula ugali wa mtu halafu mnasema mmepika wenyewe. Wewe umegeuza, unapika wewe nasifiwa mimi!"

Rahabu akacheka. "Nimeshabadilisha, mzee."

Hakuwa amebadilisha. Meneja wao, Luciana, huhoji kazi ya vijana neno kwa neno, lakini kilichokuja na jina la Paschal alikipitisha bila swali. Rahabu alijiambia kwamba anaokoa muda tu.

Mwezi wa saba, siku ya mnada wa Issuna, wakulima walipeleka magunia kwa mikokoteni ya punda kama ujumbe ulivyowaelekeza. Lori halikuja, wala halikuwa limepangwa kwenda huko. Jua lilipowachosha, wengi waliwauzia walanguzi kwa bei ya kutupa kuliko kurudisha mizigo nyumbani.

Kesho yake asubuhi Luciana aliingia ofisini simu ikiwa bado mkononi. "Nimetukanwa na mama mmoja, Evodia, mpaka nikajikuta namwamkia shikamoo. Nani kawatumia watu wa Issuna ratiba ya mwaka jana?"

Programu zao hukaa kwenye klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja. Kanuni ya ofisi ni kwamba hakuna programu inayoingizwa humo kwa mkono. Kila moja huletwa na mpango unaosoma faili la maelekezo, na mafaili yote huhifadhiwa mahali pamoja. Kwa hiyo programu yoyote inayofanya kazi humo inaweza kufuatiliwa, kwa amri fupi za kuandika, mpaka kwa aliyeileta.

"Iulize mashine, binti," Paschal alisema.

Rahabu aliandika amri. Skrini ikataja mpango ulioleta programu ya Issuna. Akauliza mpango huo umesoma wapi. Likatajwa faili. Faili hilo alilijua. Alilinakili kutoka msimu uliopita akasahau kubadili tarehe. Akauliza nani aliligusa mwisho.

Paschal.

Mzee alisogeza miwani, akasoma tena. "Sikumbuki," alisema. "Kabisa. Lakini mashine haina sababu ya kunisingizia." Akakaa. "Mama yangu alianza hivihivi. Alikuwa anaweka chungu jikoni, halafu anatuuliza nani kakiweka."

Ukali wote ukamwisha Luciana. "Mzee wangu, pumzika kidogo. Tutaongea Ijumaa."

Wakati wa kusema ulikuwa huo, na Rahabu alinyamaza. Alijidanganya kwamba si adabu kumkatiza mzee mbele ya meneja. Wapo wengi wanaouita woga wao heshima, na kwetu hakuna anayewakemea, kwa kuwa kwa nje vinafanana.

Tangu hapo Paschal akawa anamuuliza mambo. "Rahabu, chai nimekunywa?" Aliuliza kama mzaha, lakini alisubiri jibu.

"Umekunywa, mzee."

"Na mlango nimefunga?"

"Umefunga." Akarudi kuutikisa.

Alhamisi mzee alimwambia kwamba kesho yake ataaga kazi, kabla hajawaumiza wakulima wengine, na kwamba atampendekeza yeye ashike nafasi yake. Alimpa mkono. Rahabu akaupokea.

Ijumaa, Paschal alipofungua mdomo kuaga, Rahabu alisimama. "Si yeye, dada Luciana. Ni mimi. Ile kompyuta bado ina jina lake."

"Tangu lini?"

"Tangu aliponipa. Nilimdanganya kwamba nimebadilisha."

Paschal alivua miwani. "Kwa hiyo akili yangu nzima?"

"Nzima, mzee. Nisamehe."

"Kosa la tarehe ningekusamehe siku ileile. Lakini ulikuwa unaniona nauliza kama nimekunywa chai, na ukanijibu."

Luciana alimtuma Rahabu Issuna akawaeleze wakulima kwa mdomo wake. Evodia alimtukana kwa jina lake kamili, naye akasimama mpaka mama yule akachoka. Kompyuta ikabadilishwa jina mbele ya Paschal, na mzee hakuacha kazi.

Jioni ya siku hiyo mzee na Rahabu walitoka ofisini pamoja. Paschal alifunga mlango, akaelekea barabarani, kisha akasita. Alijua amefunga. Rahabu naye alijua, ila safari hii hakuulizwa. Mzee alirudi, akashika kitasa, akakitikisa.