Mwizi Mwenye Sikio la Komanda

Zakari, mchoraji wa vibao vya vinyozi huko Kamalondo, alikuwa amesoma kwamba Amerika wachoraji walikuza vipande vya katuni hadi vikatundikwa katika majumba ya makumbusho. Hakuona sababu ya Amerika kufaidi peke yake. Akachukua kipande kimoja kutoka katika vijitabu ambavyo jirani yake Émile alivitoa fotokopi na kuviuza mbele ya shule: mwizi wa nyaya za shaba akipanda ukuta. Kilikuwa na ukubwa wa kiberiti. Akakihamishia kwenye turubai refu kuliko mlango, na vitone vya rangi akavipiga kupitia bati lililotobolewa kwa msumari, ili kazi ya mkono ionekane haikuguswa na mkono.

Siku ya kuwaonyesha watu picha hiyo, Émile alifika kabla ya wageni.

“Weye Zakari, huyu muntu iko yangu.”

“Yako ilikuwa kadogo. Hii iko tableau, picha ya kutundika.”

“Tableau ya kuiba.”

“Basi, unaona. Ni juu ya mwizi.”

Walikuwa bado wanagombania ubaba wa mwizi wakati Mwansa, mshonaji wa nguo, alipoitazama picha na kushusha sauti.

“Lakini huyu iko Komanda Numbi.”

Kwenye kijitabu, sikio lilikuwa tone la wino. Sasa lilikuwa kubwa kama sahani, na limechanika palepale lilipochanika lile la mkuu wa kituo cha polisi cha mtaa. Émile alikuwa amejifurahisha zamani kwa kulichora hivyo, akijua hakuna atakayeona. Zakari alishika turubai aligeuze, lakini Numbi alikwishaingia. Alikuwa amealikwa, kwa heshima.

Wageni wakagundua uzuri wa dari.

“Hii iko ya nani?” Numbi akauliza.

Émile alikuwa akichunguza viatu vyake. Waliowahi kulala katika kile kituo hakuna anayewauliza kwa nini wanachechemea.

“Iko yangu, chef.”

“Huyu mwizi ulimuona wapi?”

“Hapana fasi, chef. Ni ya mu kichwa tu.”

Numbi akasogea mpaka pua ikakaribia vitone. Akajikuna sikio.

“Muangalie. Sura tu inamusema. Huyu ni mwizi wa kuzaliwa. Kesho asubui ukuye ku kituo, utanichorea yeye ku kibambazi ya inje. Mukubwa, bantu baogope.”

Sasa Zakari yuko juu ya ngazi, mbele ya kituo, anachora ukutani sikio pana kama gurudumu la lori. Kila asubuhi hujaribu kuliziba lile pengo la sikio. Kila jioni Numbi hutoka, hutazama, huagiza lirudishwe kama lilivyokuwa kwenye picha ya kwanza. Wapita njia huharakisha, midomo wameibana. Émile hupita ng’ambo ya barabara. Juzi aliuliza, bila kusimama, kama jina lake limeandikwa popote.

Leo mtu amecheka nyuma ya ngazi. Zakari hakugeuka. Alisikiliza tu kama mlango wa kituo unafunguka.