Sauti ya Kuvuka Bonde

Nikisikia harufu ya pareto iliyoanikwa, namwona mama ng'ambo ya bonde, kikapu kiunoni, akichuma maua.

Mwalimu wa misheni alikuwa amenipa nafasi katika igizo la Krismasi. Nilikuwa mwenye nyumba ya wageni, na maneno yangu yalikuwa mawili tu: "Nyumba imejaa!" Lakini sauti yangu haikufika hata benchi la tatu, akasema nisipobadilika atampa mwingine.

Mama hakuwahi kuona igizo maishani mwake. Alichojua ni kuitana shambani. Kila asubuhi aliniacha upande huu, akavuka mto, akapanda mpaka kwenye pareto yake.

"Haya, sema!"

"Nyumba imejaa!"

"Haijafika, mwanangu! Itoe tumboni!"

Siku nne nilipiga kelele mpaka mbuzi wakanizoea. Siku ya tano akainua mkono: "Imefika!"

Krismasi kanisa lilifurika, mama akabaki amesimama nyuma kabisa. Yosefu na Mariamu walibisha hodi, nikawajibu. Kule nyuma, kwa mazoea ya shambani, mama akaitikia kwa sauti ya bonde zima:

"Imefika!"

Kanisa likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Hilo ndilo neno nililokuwa nikilingoja.