Kiraka cha Tantine

Sisi tuliokulia mji wa Baraka, kando ya ziwa, kabla vita havijatuvuruga tulikuwa na mambo yetu, na wa rika langu akisoma hapa atatikisa kichwa. Tuliruka kamba barabarani mpaka miguu ikafanana na vumbi. Shuleni tulisoma kitabu kimoja watu watatu, wa katikati ndiye mwenye bahati. Mchana ukipita avenyu yetu ulisikia vinu nyumba kwa nyumba, majani ya muhogo yanatwangwa kuwa sombe, na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye mawese ikakufuata hadi ziwani. Mama alikuwa na neno lake kwa kila aliyeingia uani kwetu: "Mwenye kuingia mu parseli na miguu yake, anakula." Siku hizi mtu akisikia hodi anafunika sufuria.

Nyumbani kwetu aliyekula kuliko wote alikuwa kobe. Tulimwita Tantine, yaani shangazi, maana alikuwa mnene, mpole, na hakuharakishwa na mtu. Baba, aliyekuwa muuguzi wa dispensari, alimwokota njiani akitoka Nundu. Sasa sisi ni watu wa ziwa, chochote chenye uhai tunakipa ndagala. Mtoto ndagala, paka ndagala, na kobe naye ndagala. Maji hatukumpa, kwa sababu kila mtu alijua kwamba kobe wa nchi kavu anatosheka na umande. Tulimpenda hivyo miaka minne.

Mwaka ule habari za vita zilipoanza kutufikia, Tantine akaacha kula. Alijikaza, akasukuma na miguu ya nyuma, na kilichotoka kilikuwa uji mweupe kama chokaa, mwishowe na damu. Nililia kuliko nilivyomlilia bibi yangu, na sioni haya kusema.

Baba akamwita Papa Ruben, tabibu wa ng'ombe kutoka Bibokoboko, kule juu milimani. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya kahawia iliyochomekwa unyoya wa kanga ubavuni. Siku za soko alikula kwetu. Baba alimpa sindano za kutibia ng'ombe, yeye alituletea siagi, na urafiki ukakaa hapo. Alimpapasa Tantine mbele ya miguu ya nyuma, vidole vikasimama.

"Iko jiwe mu kibofu," akasema. "Munamulisha sawa paka. Huyu anakula majani, na maji anakunywa kama wewe."

Kumbe jiwe lile tulilitengeneza wenyewe, ndagala mmoja mmoja.

Alimpasua juu ya meza yetu ya chakula, mchana, milango wazi. Baba alichoma dawa ya ganzi, Papa Ruben akakata mraba mdogo kwenye gamba la tumbo kwa msumeno wa chuma uliochemshwa. Jiwe lilitoka kubwa kama yai la njiwa. Akashona kibofu kwa uzi wa dispensari, akarudisha kipande cha gamba mahali pake, kisha akaziba pembeni kwa pamba na lami, ile ile wanayozibia boti ufukweni. "Miye mutu wa ng'ombe," akacheka, "lakini leo nimetengeneza boti."

Aliagiza Tantine akae pakavu, apate sindano kila asubuhi, na maji tumdondoshee kinywani kwa kitambaa. Yeye angerudi baada ya majuma sita kukagua kidonda. Nilimlaza kwenye karai lenye majani makavu. Siku ya tisa alikojoa mkojo safi, nikakimbia avenyu nzima kutangaza mkojo wa kobe. Baada ya siku chache akauma jani la lengalenga.

Lakini wakati huo watu wa milimani walikuwa wamekwisha kuitwa adui. Mtu uliyenunua maziwa yake juzi, leo ukimwitikia salamu unaangaliwa vibaya. Papa Ruben akaacha kushuka sokoni. Alituma habari kwamba atakuja Jumapili saa ya ibada, avenyu ikiwa tupu, kwa kuwa aliahidi. Baba akanishika sikio bila kulivuta. "Usiseme kwa mutu," akaniambia. "Hata kwa Furaha."

Furaha alikuwa rafiki yangu wa nyumba ya tatu. Tangu Tantine apasuliwe alinicheka kwamba ameshakufa na mimi naficha maiti. Ijumaa akarudia mbele ya wenzetu kwenye kamba, wote wakacheka, nami nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Jumapili, saa ya ibada, muganga wake anakuja. Utaona."

Papa Ruben alikuja kweli. Alikwangua lami, akachungulia, akasema kidonda kimefunga. Tantine alimkojolea suruali, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akapaka lami mpya, akanywa chai, akaondoka kwa njia ya migombani.

Jioni kaka yake Furaha alipita mbele ya parseli yetu. Kichwani alivaa kofia ya kahawia yenye unyoya wa kanga. Baba aliiangalia ile kofia, kisha akaniangalia mimi. Hakuniuliza kitu. Hakuniuliza siku ile, wala kwenye boti tulipovuka ziwa kukimbilia Tanzania, wala kambini, mpaka tukamzika huko. Afadhali angenipiga.

Tantine tulimwacha. Tuliporudi baada ya miaka, nyumba haikuwa na mabati, lakini yeye tulimkuta chini ya matofali, mzima, na kiraka chake hakijaachia. Mpaka leo anatembea hapa kwangu. Maji anapata kila siku.

Kaka yake Furaha sasa ni mzee wa kanisa na tunasalimiana. Tukikutana sisi wa rika lile, tunasema enzi zetu watu walipendana, na watoto wa leo hawana siri, kila kitu wanakitupa kwenye simu. Na mimi naitikia pamoja nao. Juzi nilikuwa namgombeza binti yangu kwa jambo hilohilo, akanijibu kwamba sisi tulitunza siri kwa sababu tu hatukuwa na simu.

Ni kweli, simu sikuwa nayo. Nilikuwa na mdomo tu, na ulifika mpaka migombani.